Punguza Unavyopaka: Mwongozo wa Kutuliza Chunusi za Ukubwani na Ngozi Nyeti

Panga mezani kila kitu unachopaka usoni tangu unapoamka hadi unapolala: sabuni, skrabu, tona, seramu, krimu ya mchana, krimu ya usiku, dawa ya chunusi, dawa ya madoa, barakoa ya udongo. Si ajabu vikafika vinane au kumi. Ukivikagua kimoja kimoja utagundua kwamba vingi vilinunuliwa kutibu kero iliyoletwa na kilichotangulia. Sabuni kali ilikausha uso, ikatafutwa krimu nzito. Krimu nzito ikaziba vinyweleo, ikaletwa asidi. Asidi ikachonyota, ikaongezwa seramu ya kutuliza yenye manukato, nayo ikaleta vipele vipya. Hapa tunakwenda kinyume: kwanza tunaondoa, kisha tunaiacha ngozi ipone, halafu tunarudisha dawa moja tu.

Kwa nini kuzidisha huleta vipele

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi. Ni seli zilizokufa zilizopangwa kwa kubanana, na katikati yake kuna mafuta ya asili, hasa seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta, yanayozishikiza pamoja. Tabaka hilo likiwa zima, maji hubaki ndani na vichokozi hubaki nje. Lina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) ya takriban 4.5 hadi 5.5, na ngozi inahitaji uchachu huo ili ijijenge upya. Likichubuliwa kwa kusuguliwa, kukaushwa au kuchomwa na asidi nyingi, maji hutoka na vichokozi huingia. Ndiyo maana mtu hufika mahali hata losheni ya kawaida kabisa inamchonyota, akadhani amezaliwa na ngozi nyeti, kumbe ngozi yake imejeruhiwa.

Chunusi nayo huanzia ndani ya kinyweleo. Seli zilizokufa hushikamana na mafuta ya ngozi, njia inaziba, bakteria huongezeka humo ndani, na mwili unajibu kwa wekundu, uvimbe na usaha. Ngozi iliyojeruhiwa tayari huwa na uvimbe, kwa hiyo jibu hilo huwa kali zaidi. Jambo la kushika hapa ni muda: kipele unachokiona leo kilianza kujijenga wiki kadhaa zilizopita, pengine hata nane. Anayebadilisha dawa kila baada ya siku kumi hajawahi kujua ipi ilimfaa na ipi ilimdhuru.

Kabla ya yote, hakikisha ni chunusi

Chunusi za kweli huja kwa mchanganyiko: vichwa vyeusi, vichwa vyeupe, vipele vyekundu, vingine vyenye usaha, na hazilingani kwa ukubwa. Ukiona vipele vidogo vinavyofanana kama vimepigwa chapa, vinavyowasha, vimejaa kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni, huenda ni fangasi wa vinyweleo. Hao hawasikii dawa za chunusi, na antibiotiki huweza kuwazidisha. Wekundu unaowaka na kurudi mara kwa mara mashavuni na puani, bila kichwa cheusi hata kimoja, huelekea kuwa rosasia. Vipele vidogo vinavyozunguka mdomo huku vikiacha ukanda mwembamba wa ngozi safi karibu na midomo mara nyingi hufuatia matumizi ya krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe.

Hilo la steroidi tulisimamie kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakoumia zaidi. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi, pamoja na mikorogo, huweza kuwa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli hata kama kifungashio hakisemi. Siku za mwanzo uso hutakata na chunusi hukauka, mtu akafurahi. Baada ya wiki au miezi ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, vipele vinalipuka, na ukiiacha ghafla uso unawaka kama moto. Kama umeitumia kwa muda mrefu, usianze mwongozo huu peke yako. Nenda kwa daktari wa ngozi na ubebe krimu yenyewe, akupangie namna ya kuachana nayo.

Hatua ya kwanza: acha karibu vyote

Kwa wiki 2 hadi 6 zijazo uso wako utapata vitu vitatu tu: kisafishio laini, krimu ya unyevu, na losheni ya kukinga jua. Vingine vyote vifungie kabatini: skrabu, brashi za umeme, tona zenye spiriti, barakoa, asidi zote, vitamini C, retinoidi (dawa za jamii ya vitamini A), na mafuta ya manukato ya mimea. Dawa uliyoandikiwa na daktari ndiyo pekee isiyoachwa kabla ya kumuuliza aliyekuandikia.

Tiba za jikoni nazo ziachwe, na sababu ziko wazi. Limau na ndimu zina uchachu mkali mno kwa ngozi, na kemikali zake zikikutana na jua huweza kuunguza na kuacha madoa meusi ya miezi. Magadi ya kuokea hufuta ule uchachu ambao ngozi inauhitaji. Dawa ya meno hukausha kipele kwa kukiunguza. Menthol na viambato vya kutoa povu vilivyomo havikutengenezewa uso.

Katika siku za kwanza unaweza kuona ngozi inang'aa mafuta, au vipele vichache vikitokeza. Usiogope na usirudie skrabu. Vilikuwa njiani tayari.

Hatua ya pili: kuosha

Kama ungebadilisha jambo moja tu katika mwongozo huu, tungekushauri liwe hili. Sabuni ya mche ya kawaida ina pH ya kama 9 hadi 10, mbali sana na ile ya ngozi, na huondoa mafuta ya asili pamoja na uchafu. Sabuni ya "kuua vijidudu" ni mbaya zaidi kwa uso wenye chunusi, maana chunusi hazitokani na uchafu. Tafuta kisafishio kisicho sabuni, kisicho na manukato, kisicho na chembe za kusugua, na kama pH imeandikwa iwe karibu na 5.5. Kitoe povu kidogo au kisitoe kabisa. Povu jingi si kipimo cha usafi.

Osha uso usiku, mara moja. Asubuhi, mwenye ngozi kavu au inayochonyota asuuze kwa maji tu. Mwenye mafuta mengi anaweza kutumia kisafishio tena. Ukitoka jasho sana mchana, suuza kwa maji na upake krimu. Kuosha mara tatu au nne kwa siku kwa sababu uso unang'aa ni kosa la kawaida mno, na matokeo yake ni uso wenye mafuta juu na ukavu unaovuta chini.

Maji yawe vuguvugu, yale ambayo mkono hauyahisi kuwa ya moto wala ya baridi. Lowesha uso, chukua kisafishio cha kubonyeza mara moja, kisambaze kwa ncha za vidole kwa sekunde 30 hadi 60 bila kukandamiza. Suuza hadi utelezi uishe, hasa kwenye mpaka wa nywele, chini ya taya na pembeni mwa pua, kwani mabaki hukaa huko na vipele vya mpakani hutokea huko huko. Kausha kwa kugandamiza taulo safi, usivute. Taulo la uso lisiwe la mwili.

Kipimo cha kisafishio ni hiki: baada ya kukausha uso, usipake kitu kwa dakika 10. Ngozi ikikakamaa na kuvuta unapotabasamu, kisafishio hicho ni kikali kwako, hata kama kimeandikwa "kwa ngozi nyeti".

Ukiwa umejipodoa au umepaka losheni nzito ya jua, osha mara mbili mfululizo kwa kisafishio kile kile, kila mara kwa upole. Maji ya misela (micellar water) yanafaa pia kuondolea vipodozi, lakini yasuuzwe. Yanabaki na viambato vya kusafishia ambavyo vikilala usoni usiku kucha huchokoza.

Hatua ya tatu: unyevu

Paka krimu uso ukiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika moja au mbili, kiasi cha punje mbili za maharage kwa uso na shingo. Tafuta glisirini, seramaidi, dimethikoni. Niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 hadi 5 inasaidia wengi, ila iliyozidi hapo huweza kuwasha. Epuka mafuta ya nazi na siagi ya kakao usoni, kwani huziba vinyweleo vya watu wengi wenye chunusi. Mafuta ya mgando, kinyume na yanavyosemwa, hayazibi vinyweleo yenyewe. Ni mazito tu, kwa hiyo yaweke midomoni na kwenye sehemu zilizobabuka.

Kwenye orodha ya viambato angalia maneno "fragrance" au "parfum". Na usidanganywe na maandishi ya mbele ya chupa: bidhaa isiyo na harufu puani inaweza kuwa imewekewa manukato ya kufunika harufu ya viambato vingine. Orodha ya nyuma ndiyo ya kuamini.

Mwenye ngozi ya mafuta naye apake krimu, achague nyepesi ya jeli. Mafuta na maji ni vitu viwili tofauti, na ngozi inaweza kuwa na mengi ya haya na uhaba wa yale.

Hatua ya nne: jua

Jua huongeza giza kwenye madoa yanayoachwa na chunusi, na dawa utakazotumia baadaye huifanya ngozi iungue upesi. Chagua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, inayokinga miale ya UVA na UVB. Kiasi chake ndicho kinachopuuzwa: chora mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Ukipaka nusu yake, hupati ile kinga iliyoandikwa kwenye chupa. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili.

Inayochonyota machoni au mashavuni ibadilishe kwa yenye oksidi ya zinki au ya titani, ambazo hazichokozi sana kama nyingine. Kwenye ngozi nyeusi hizo huacha weupe, kwa hiyo tafuta yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo zina faida ya ziada: huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao pia hutia giza madoa. Kofia pana isidharauliwe.

Utajuaje ngozi imetulia?

Maji ya kawaida hayachonyoti. Krimu haichonyoti. Hakuna maganda pembeni mwa pua na mdomo. Wekundu au joto baada ya kuosha halipo. Haya yote yakidumu siku 7 mfululizo, uko tayari. Wengine hufika hapo baada ya wiki 2, wengine 6. Vipele vinaweza kuwa bado vipo, na hilo ni sawa, maana hatua iliyopita ilikuwa ya kuponya ngozi na chunusi zinashughulikiwa sasa.

Hatua ya tano: dawa moja

Moja. Kuna nne zinazofaa kuanza nazo.

*Asidi ya azelaiki*, asilimia 10 hadi 20. Kwa ngozi nyeti inayobaki na madoa meusi, hii ndiyo tungeiweka mbele. Inatuliza uvimbe, inafungua vinyweleo, inafifisha madoa, na inaweza kutumika wakati wa ujauzito. Siku za mwanzo huwasha kwa dakika chache kisha huisha.

*Adapalini*, ambayo ni retinoidi, asilimia 0.1, usiku tu. Ndiyo bora kwa vichwa vyeusi na vyeupe na kwa kuzuia vipya visijengeke. Hukausha na kuambua ngozi katika mwezi wa kwanza. Mjamzito au anayetafuta ujauzito asiitumie.

*Benzoili peroksidi*, asilimia 2.5. Inaua bakteria wa chunusi, na hao hawajengi usugu dhidi yake. Inafaa vipele vyekundu vyenye usaha. Usinunue ya asilimia 10 ukidhani ni bora mara nne: ya 2.5 inafanya kazi karibu sawa na huwasha kidogo. Ngozi nyeti ianze na ya kuoshea, iachwe usoni dakika 1 hadi 2 kisha isuuzwe vizuri. Hupausha nguo, foronya na taulo, basi tumia nyeupe.

*Asidi ya salisiliki*, asilimia 0.5 hadi 2. Huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya ndani ya kinyweleo. Mara 2 au 3 kwa wiki zinatosha.

Ijaribu kwanza mbali na uso: paka kidogo upande wa ndani wa mkono, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 (ya kuoshea isuuze baada ya muda wake). Pasipotokea wekundu wala kuwasha, jaribu kipande kidogo kwenye taya usiku 3. Ndipo uingie uso mzima.

Kuanzia hapo, kwa adapalini au azelaiki: wiki ya 1 na 2, usiku mbili, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya 3 na 4, usiku mmoja ndiyo mmoja hapana. Kisha kila usiku, kama ngozi inakubali. Isipokubali, baki ulipo. Usiku tatu kwa wiki kwa mwaka mzima ni bora kuliko kila usiku kwa wiki mbili. Kipimo ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Weka vidoto kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha usambaze. Usipake juu ya kipele peke yake, kwani kazi ya dawa hizi ni kuzuia vile ambavyo bado hujaviona.

Adapalini ipakwe uso ukiwa mkavu kabisa, dakika 10 hadi 20 baada ya kuosha. Ngozi yenye unyevu huivuta upesi ikawasha. Kama bado ni kali, paka krimu nyepesi kwanza, kisha dawa, kisha krimu tena. Pembe za macho, mikunjo ya pua na pembe za mdomo zikinge kwa mafuta ya mgando kabla ya dawa. Hizo ndizo hubabuka kwanza.

Mambo yanapoharibika

Retinoidi na asidi huweza kutoa vipele vilivyokuwa vimejificha. Hivyo huja mahali pale pale unapotokwa na chunusi siku zote, hupona upesi, na hupungua ndani ya wiki 4 hadi 6. Vipele vikitokea mahali usipowahi kuwa navyo, vikiambatana na kuchonyota, joto na maganda, huko ni kuchokozwa. Acha dawa, rudi kwenye vitu vitatu hadi utulie, kisha uanze tena kwa usiku mbili. Ukivimba macho au midomo, au ukitokwa na mabaka yanayowasha sana, huo ni mzio: ioshe, usiirudie tena, na kama unapumua kwa shida wahi hospitali.

Kosa lingine ni kuongeza dawa ya pili wiki ya tatu kwa sababu ya kwanza "haifanyi kitu". Wiki ya tatu hakuna dawa inayoweza kuhukumiwa. Piga picha kila baada ya wiki mbili, dirisha lile lile, saa ile ile, bila vipodozi. Wiki ya 12 linganisha ya kwanza na ya mwisho. Kioo cha kila siku hakioni tofauti.

Usikamue. Kidole husukuma usaha chini zaidi na kovu hubaki. Kipele chenye kichwa kifunike kwa kibandiko cha haidrokoloidi usiku kucha. Hunyonya majimaji na kuzuia mkono. Kwa uvimbe wenye maumivu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika chache.

Angalia pia yanayogusa uso. Mafuta mazito ya nywele hushuka hadi paji la uso, kwa hiyo yapake mbali na mpaka wa nywele. Foronya ibadilishwe kila wiki. Kwa wanaonyoa ndevu, vipele vya shingoni mara nyingi ni nywele zilizojikunja na kurudi ndani. Nyoa kufuata nywele zinakoelekea, na usivute ngozi.

Wakati wa kumwona daktari

Nenda bila kusubiri wiki 12 kama una uvimbe wa ndani wenye maumivu, kama makovu yameanza, au kama ni mjamzito na unahitaji zaidi ya azelaiki. Nenda pia kama chunusi za taya na kidevu zinakuja na hedhi isiyo na mpangilio au nywele nyingi kidevuni, maana hapo homoni zinahitaji kupimwa. Mtajie kila unachomeza: steroidi, lithiamu, baadhi ya njia za uzazi wa mpango na vidonge vyenye vitamini B12 kwa wingi vinaweza kuleta chunusi. Antibiotiki ya kupaka isitumike peke yake kwa miezi, kwa sababu bakteria huizoea. Kwa kawaida huunganishwa na benzoili peroksidi.

Madoa, na baada ya hapo

Doa bapa, jekundu au jeusi, si chunusi tena, na kuliongezea dawa kali hulitia giza zaidi. Huchukua miezi kufifia. Losheni ya jua pamoja na azelaiki au adapalini uliyokwisha kuianza inalifanyia kazi tayari.

Uso ukikaa miezi mitatu bila vipele vipya, usiache dawa ghafla. Punguza hadi usiku 2 au 3 kwa wiki. Ukitaka kurudisha kitu kutoka kabatini, rudisha kimoja, ukipe wiki 4 kabla ya kingine, na uandike tarehe uliyoanza juu ya chupa.